Jani Linalogharamiwa na Mzizi

Watu wengi wakisikia kwamba mti fulani ni wa kijani mwaka mzima huelewa kwamba majani yake hayaanguki. Fagia uwanja ulio chini ya mwembe kwa wiki moja tu, na dhana hiyo itakutoka. Mwembe hupukutisha majani masika, hupukutisha kiangazi, hupukutisha kila mwezi. Ila haupukutishi yote kwa pamoja. Mbuyu ndio wenye tabia ile nyingine: kiangazi kikikolea hubaki matawi matupu, na mgeni anaweza kudhani umekufa. Tofauti ya miti hii miwili ni ya ratiba. Mmoja hubadilisha majani kidogo kidogo bila kusimamisha kazi, mwingine hufunga kazi yote kwa msimu mzima.

Nataka tulichunguze jambo hili kwa kutumia mti ambao wakulima wa Kabale nchini Uganda, wa kaskazini mwa Rwanda na wa milima ya Burundi wanaujua vizuri, ingawa watu wa Pwani huenda hawajawahi kuuona: alnusi. Jina lake kamili la kisayansi ni Alnus acuminata. Kwao asili ni Amerika, kuanzia milima ya Mexico, kupitia Amerika ya Kati na safu ya Andes, mpaka kaskazini magharibi mwa Argentina. Kwetu uliletwa kama mti wa mashamba ya nyanda za juu. Wapo jamaa zake wapatao 35 duniani, wengi wao wakiishi katika nchi za baridi kali, na karibu wote hao wa baridi hubaki uchi kila mwaka. Huu wa milima ya joto hauvui nguo. Kwa nini?

Tuanze na jani lenyewe. Ndani ya jani, mwanga wa jua, maji yaliyopanda kutoka mizizini na kabonidioksidi ya hewani hugeuzwa kuwa sukari. Kazi hiyo ndiyo usanisinuru. Lakini kabla jani halijatoa hata chembe ya sukari, lazima lijengwe, na ujenzi wake hula sukari iliyotengenezwa na majani yaliyotangulia. Fikiria fundi aliyechukua cherehani kwa mkopo. Mwanzoni anashona ili alipe deni. Faida inakuja baadaye. Akichukua cherehani ya bei ndogo, deni litaisha mapema ingawa mashine haitadumu. Akichukua ile nzito ya kiwandani, atalipa kwa muda mrefu, lakini ataitumia miaka na miaka.

Miti nayo imegawanyika hivyo. Msonobari na mzeituni hujenga majani magumu, yenye nta na nyuzinyuzi nyingi, yanayofanya kazi polepole na kuishi zaidi ya mwaka. Miti mingine hujenga majani membamba, laini, yaliyojaa protini, yanayofanya kazi kwa kasi, kulipa deni lake upesi na kuchakaa upesi. Mwaka 2004 kundi la wanaikolojia kutoka nchi nyingi lilikusanya vipimo vya majani ya spishi zaidi ya 2,500 kutoka kila bara lenye mimea, na mpangilio ukajitokeza waziwazi: majani yanayodumu ni mazito kwa eneo lake na yana naitrojeni kidogo, yasiyodumu ni mepesi na yana naitrojeni nyingi. Hali ya hewa ibadilike, bara libadilike, kanuni inabaki.

Kwa kawaida mti wa kijani mwaka mzima huwa na majani ya aina ya kwanza. Sasa chukua jani la alnusi mkononi. Lina umbo la yai lililochongoka nchani, kingo zake zina meno madogo madogo, urefu wake ni kama wa kiganja au pungufu. Likunje: halina ukaidi wa jani la mwembe. Ni jembamba na laini, na ukilipima maabara utakuta naitrojeni tele. Kwa vigezo vyote hili ni jani la bei ndogo, jani la mti unaopukutika. Halikujengwa lidumu miaka, huishi miezi. Hapo ndipo mti huu unaponivutia, kwa sababu umevaa mavazi ya kundi moja na kushika desturi za kundi jingine.

Kitendawili hiki hufumbuka tukiufuata mti kutoka kusini kwenda kaskazini. Katika milima ya Tucumán na Salta, Argentina, mwezi wa sita mpaka wa nane ni wakati wa baridi na ukavu. Baridi huua jani jembamba, ukavu huzuia maji kupanda, na mwanga wenyewe umepungua. Kuendelea kulihudumia jani kipindi hicho ni hasara tupu. Kwa hiyo alnusi ya huko, spishi ileile ya Kabale, hupukutika. Ukuaji wake husimama kila mwaka, na kila kusimama huacha mstari ndani ya shina. Watafiti wameihesabu mistari hiyo katika miti iliyoota juu ya maporomoko ya zamani, wakakadiria maporomoko hayo yalitokea miaka gani.

Panda sasa mpaka Kolombia na Ekuado, karibu na ikweta. Mchana ni wa saa kumi na mbili, mwezi uwao wowote. Hakuna majira ya baridi. Kuna usiku wa baridi tu, na asubuhi jua hurudi. Mti hauna sababu ya kufunga kazi. Jani likichakaa linaangushwa na jingine linachipua, na kwa kuwa kila tawi lina saa yake, mti mzima hauonekani ukiwa mtupu. Kigezi, yaani eneo la Kabale, iko takriban digrii moja tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo mti huo uliposhushwa pale ulikuta kalenda ya nyumbani kwao.

Ukijani wa alnusi, basi, ni jibu la mti kwa mahali ulipo. Haukuandikwa ndani yake kama idadi ya vidole vyetu inavyoandikwa ndani yetu. Kiangazi kikiwa kikali kupita kiasi, hata huku kwetu taji lake hupungua majani. Ndiyo maana baadhi ya vitabu huuita mti wa nusu kijani, na mimi naona neno hilo lina ukweli zaidi.

Lakini jibu hili limezaa swali jipya, na nadhani hili ndilo swali lenye uzito. Kubadilisha majani ya bei ndogo bila kupumzika kunahitaji malighafi bila kikomo, hasa naitrojeni. Protini inayokamata kabonidioksidi ndani ya jani ndiyo inayobeba fungu kubwa la naitrojeni yote ya jani. Huwezi kuwa na jani lenye kasi bila hiyo. Miti mingi hubana matumizi: kabla ya kuliangusha jani, huzivunja protini zake na umbijani wake, ikarudisha kama nusu ya naitrojeni au zaidi ndani ya tawi. Rangi ya manjano tunayoiona kwenye jani linalokaribia kuanguka ni dalili ya uvunjaji huo. Jamii ya alnusi haijisumbui sana na kazi hiyo. Ile ya Ulaya, Alnus glutinosa, hudondosha majani yakiwa bado mabichi, mali nyingi ikiwa bado ndani. Mti unaotupa mali namna hiyo lazima uwe na hazina mahali fulani.

Hazina hiyo haiko kwenye mwamba. Udongo hutokana na miamba iliyomomonyoka, na miamba hutoa fosforasi, potasiamu, kalsiamu, magnesi, chuma. Naitrojeni karibu haimo. Lava mpya iliyopoa ina madini mengi ya kulisha mmea, lakini mmea ukipandwa juu yake utakufa njaa ya naitrojeni. Miti ya alnusi inalijua tatizo hili vizuri, maana makazi yake ya asili ni kingo za mito, maporomoko mapya na miteremko ya volkano, yaani ardhi ambayo bado haijalimbikiza mboji.

Binamu wa karibu wa mti wetu amebeba kumbukumbu hiyo katika jina lake. Tarehe 29 Septemba 1759, katika mashamba ya eneo la Michoacán, Mexico, ardhi ilipasuka na volkano mpya ikaanza kuinuka pale palipokuwa na mazao. Iliendelea kutapika mpaka 1774. Mlima huo ni Jorullo. Mwaka 1803 Alexander von Humboldt na Aimé Bonpland waliukwea katika safari yao ndefu ya Amerika, na mimea waliyoikusanya ilikuja kuchambuliwa na Mjerumani Carl Sigismund Kunth. Mwaka 1817 Kunth alitangaza spishi mbili za alnusi, Alnus acuminata na Alnus jorullensis. Zilichanganywa kwa muda mrefu sana. Miti ya Andes mara nyingi iliitwa jorullensis, na hata leo vitalu vya bustani huuza miche kwa majina yaliyobadilishana. Ilikuwa mpaka 1979, John Furlow alipochapisha uchambuzi wake wa alnusi za Amerika, ndipo mipaka ilipowekwa sawa: jorullensis ni ya Mexico na nchi jirani zake za Amerika ya Kati, na upande wa chini wa jani lake umejaa vitone vya utomvu vyenye rangi ya manjano, ilhali acuminata ndiyo iliyoenea mpaka Argentina.

Turudi kwenye hazina. Asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni. Ukiipima hewa yote iliyosimama juu ya hekta moja ya shamba, utapata zaidi ya tani 70,000 za naitrojeni, mali ambayo ingetosha kulirutubisha shamba hilo kwa maelfu ya miaka. Na bado mahindi yaliyosimama chini yake huweza kuwa ya manjano kwa kuikosa. Sababu ni umbile la molekuli. Atomu mbili za naitrojeni zimeshikana kwa vifungo vitatu, na hakuna mmea wowote, hata mmoja, wenye uwezo wa kuvikata. Binadamu tulijifunza kuvikata kiwandani. Kiwanda cha kwanza kilianza kazi Oppau, Ujerumani, mwaka 1913, kwa joto la nyuzi 400 hadi 500 na kwa mgandamizo unaozidi ule wa hewa ya kawaida mara mia moja na zaidi. Mfuko wa urea unaouzwa dukani umetoka kwenye tanuri la namna hiyo.

Aina fulani za bakteria hufanya kazi hiyohiyo katika udongo wa baridi wa mlimani, bila tanuri. Kifaa chao ni kimeng'enya chenye chuma na molibdeni moyoni mwake. Bei yake ni kubwa: kukata molekuli moja ya naitrojeni na kuifanya amonia mbili kunagharimu molekuli 16 za ATP, ile sarafu ya nishati ambayo kila chembehai hutumia. Bakteria anayejitegemea udongoni hana utajiri wa kulipa bei hiyo kila siku. Anahitaji mfadhili mwenye sukari nyingi. Na mwenye sukari nyingi ni mti.

Chimbua taratibu kuzunguka mzizi wa alnusi utakutana na mkataba huo kwa macho. Kwenye mizizi midogo kuna vinundu vya kahawia vilivyogawanyika ncha mbili, kila ncha ikagawanyika tena, mpaka vikawa kishada kigumu ambacho katika mti mkubwa huweza kufikia ukubwa wa ngumi. Kila ncha ni mzizi mdogo wa pembeni uliobadilishwa umbo. Mwaka 1866 Mrusi Mikhail Woronin alivitazama vinundu vya alnusi kwa hadubini akaona kwamba ndani yake mna kiumbe kingine. Mwaka 1886 Johannes Brunchorst wa Norway akakipa kiumbe hicho jina la Frankia, kwa heshima ya mwalimu wake Albert Bernhard Frank. Woronin na waliomfuata walikichukulia kuwa kuvu, kosa linaloeleweka, kwa sababu Frankia ni bakteria anayekua kwa nyuzi ndefu zinazotambaa kama za kuvu. Alikuwa mgumu kufuga. Ilichukua mpaka 1978, zaidi ya miaka mia moja tangu Woronin, ndipo watafiti wa Marekani walipofanikiwa kumkuza nje ya mmea na kuueleza ufugaji huo kwa namna iliyowawezesha wengine kuurudia.

Msomaji atasema: hii si habari ya maharage? Inafanana, lakini si ileile. Bakteria wa maharage ni wa ukoo mwingine kabisa, na kinundu cha haragwe huishi wiki chache kisha hufa pamoja na mmea. Kinundu cha alnusi ni cha mti mgumu. Huishi miaka, kikiongeza ncha mpya na kuacha za zamani zife. Tena alnusi si jamii ya mikunde hata kidogo. Kuna familia nane za mimea, zenye spishi zaidi ya 200, zilizofanya mkataba na Frankia, na mwanachama mmoja watu wa Pwani wanaishi naye uani: mvinje. Mwaka 1971 René Haller alipojaribu kupanda miti kwenye machimbo ya chokaa ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, Mombasa, mahali palipokuwa jiwe tupu lenye chumvi, alijaribu spishi 26. Mvinje ulikuwa miongoni mwa tatu tu zilizobaki hai. Mabua yake yaliyoanguka yalikataa kuoza mpaka majongoo yenye miguu myekundu yalipoletwa kuyatafuna. Frankia wa mvinje, hata hivyo, hakubaliki kwa alnusi, wala wa alnusi kwa mvinje. Kila mmoja anajua mwenyeji wake.

Kuna tatizo moja katika mkataba huu linalostahili kutazamwa polepole. Kimeng'enya kinachokata naitrojeni huharibiwa na oksijeni, na kikiharibika hakitengenezeki. Lakini ili kupata zile ATP 16, bakteria lazima aunguze sukari, na kuunguza sukari kunahitaji oksijeni. Kwa maneno mengine, gesi inayomlipa mshahara ndiyo inayovunja mashine yake. Frankia amelitatua kwa ujenzi. Ncha za nyuzi zake huvimba zikawa vifuko vidogo vya mviringo, na kimeng'enya hukaa ndani humo. Kuta za vifuko hivyo zina tabaka nyingi za mafuta mazito, moja juu ya nyingine. Oksijeni hupenya kwa shida, kiasi kile tu kinachotumika papo hapo, na haibaki ya kufanya uharibifu. Hewa ikiwa na oksijeni nyingi zaidi, bakteria huongeza tabaka, ikipungua, hupunguza. Sijui kifaa cha maabara kinachojirekebisha kwa ustadi kiasi hicho kwa gharama ndogo hivyo.

Sasa unganisha juu na chini. Mzizi unamlisha Frankia sukari. Sukari inatoka kwenye jani. Jani limejengwa kwa naitrojeni. Naitrojeni inatoka kwa Frankia. Mti wa Ulaya ukipukutika, sukari inapungua na vinundu hulala mpaka majira ya kuchipua. Mti wa karibu na ikweta haukatizi mzunguko. Una majani mwezi wa kwanza mpaka wa kumi na mbili, kwa hiyo vinundu vina chakula mwezi wa kwanza mpaka wa kumi na mbili, kwa hiyo majani mapya yana malighafi wakati wote. Hapo ndipo jani la bei ndogo linapomudu tabia ya jani la gharama: mti hauhitaji kulifanya lidumu kwa sababu una uwezo wa kulijenga upya, na hauhitaji kulikamua kabla ya kulitupa kwa sababu mzizi utaleta naitrojeni nyingine.

Mkulima ananufaika na ubadhirifu huo. Majani yanayoanguka yakiwa na naitrojeni nyingi huoza upesi, tofauti na ya mkaratusi ambayo yanaweza kukaa msimu mzima yakiwa vilevile. Misitu ya alnusi mbalimbali duniani imepimwa, na kiasi cha naitrojeni inayoongezwa ardhini huanzia makumi ya kilo mpaka zaidi ya kilo 100 kwa hekta kwa mwaka, kutegemea umri na wingi wa miti. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una kilo 23. Kilo 100 ni zaidi ya mifuko minne. Shamba lenye miti michache kwenye kingo halitafika huko, na anayemwambia mkulima kwamba miti kumi itampa mbolea ya hekta nzima anamdanganya. Ila mchango upo, na unaingia kila siku.

Gharama nazo zipo. Amonia inayobaki udongoni hugeuzwa na bakteria wengine kuwa naitreti, na mageuzi hayo huzalisha tindikali. Katika misitu ya alnusi ya pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini udongo umeonekana kuwa chachu zaidi kadiri miaka inavyopita. Kwenye nyanda zetu za juu, ambako udongo mwingi tayari una uchachu, jambo hilo si dogo. Kisha kuna fosforasi. ATP ni molekuli yenye fosforasi, na Frankia ni mlaji mkubwa wa ATP. Mahali palipokwisha fosforasi, naitrojeni ya hewani haitamsaidia mtu. Mti hujitetea kwa kushirikiana pia na kuvu wa mizizini wanaofukua fosforasi mbali kuliko mzizi unapofika, lakini kuvu naye hawezi kuchimba kisichokuwepo.

Ukitaka kuutambua mti wenyewe, tafuta shina lililonyooka lenye gome la kijivu na mistari ya vijidoa vya kupumulia. Huweza kufika mita 25 na zaidi. Mti mmoja hubeba maua ya kiume na ya kike. Ya kiume ni mikia mirefu inayoning'inia na kumwaga chavua kwenye upepo. Haina haja ya nyuki, kwa hiyo haina rangi wala harufu ya kujivunia. Ya kike ni mafupi, na yakikomaa huwa vikoni vidogo vya mti mgumu, kahawia, vinavyobaki tawini muda mrefu baada ya mbegu kutoka. Ukiona vikoni hivyo juu ya mti wenye majani mapana, umeshaujua; hakuna mti mwingine wa kawaida wa mashamba yetu wenye vitu hivyo viwili pamoja.

Mbegu ni vumbi tu: kilo moja hubeba zaidi ya milioni. Udogo huo una maana yake. Mbegu isiyo na akiba ya chakula haiwezi kusubiri gizani chini ya majani makavu. Inahitaji udongo ulio wazi, wenye unyevu na jua, kama ule unaoachwa na poromoko. Pia hupoteza uwezo wa kuota katika miezi michache. Anayenunua mbegu iliyokaa ghalani mwaka mzima ananunua hasara. Na kitaluni kuna sharti jingine linalosahaulika mara kwa mara: mche uliooteshwa kwenye udongo usio na Frankia wa aina yake utadumaa na kuwa wa manjano, hata ukinyeshewa vizuri. Dawa yake ni udongo kidogo kutoka chini ya alnusi iliyokomaa, au vinundu vilivyopondwa kwenye maji, vikachanganywa na udongo wa kitalu.

Wenyeji wa Andes waliishi na mti huu muda mrefu kabla ya hadubini. Chavua ya alnusi haiozi kirahisi kwenye matope, na Alex Chepstow-Lusty aliyechunguza tabaka za matope ya ziwa dogo la zamani liitwalo Marcacocha, karibu na Ollantaytambo nchini Peru, aliikuta ikiongezeka sana kuanzia takriban karne ya 11, ikaendelea kuwa nyingi wakati wa dola ya Wainka. Tafsiri yake ni kwamba watu waliipanda au waliilinda miti hiyo kwenye miteremko yao yenye matuta. Huko Costa Rica, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa milimani wameiacha alnusi isimame ndani ya malisho kwa vizazi kadhaa. Nyasi wanazolisha chini yake, kwa wengi wao, ni kikuyu, nyasi ya nyanda za juu za Afrika Mashariki. Nyasi yetu inakula naitrojeni ya mti wao kule, na huku mti wao umesimama juu ya matuta yetu. Sidhani kuna aliyepanga mabadilishano hayo.

Kigezi na kaskazini mwa Rwanda, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, alnusi hupandwa kwenye kingo za matuta, mara nyingi sehemu ya juu ya tuta ambako udongo umekwanguliwa na mazao hayastawi. Mizizi hushika ukingo, majani huangukia palipochoka. Mbao zake ni nyepesi, kuni zake huwaka vizuri. Lakini kinachowafanya wakulima wengi waupande ni matawi, kwa sababu maharage yanayotambaa yanahitaji nguzo, nguzo nyingi, kila msimu, na alnusi hutoa fito zilizonyooka kwa haraka. Ukiushusha mti huohuo chini kwenye joto la tambarare utahangaika; haukujengewa huko.

Fito hizo ndizo zinazohitaji uangalifu. Kila tawi linalokatwa ni majani yaliyoondolewa, na kila jani lililoondolewa ni sukari ambayo haitafika mzizini. Mti uliokwanguliwa mpaka kileleni unaweza kuchipua tena, lakini kwa wiki kadhaa vinundu vyake vinakaa na njaa, baadhi ya ncha hufa, na naitrojeni hupungua wakati uleule ambapo machipukizi mapya yanaihitaji kuliko wakati wowote. Wakulima wazoefu hukata matawi ya chini kwanza, yale yaliyo kivulini ambayo mchango wake ulikwisha kupungua, na ambayo ndiyo hasa yanayoyazibia maharage jua. Sehemu ya juu ya taji huiacha. Akikata hivyo, mkulima hupata fito zake, maharage hupata mwanga, na Frankia huendelea kulipwa.